Mfuko Niliomhamishia Mzee Thembo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisini Kasese na kipande cha chaki mfukoni. Nilikuwa nimefundisha hesabu miaka kumi na miwili, na asubuhi ile nilivaa koti lilelile la darasani bila kulikagua. Mkuu wa tawi, mzee wa mabega mapana aliyewahi kuwa mlipa mishahara jeshini, aliiona ile chaki nilipokuwa natafuta kalamu. Alicheka hadi akakohoa.

"Mwalimu, hapa hakuna ubao," akasema. "Hapa kuna wazee na pesa ya pensheni. Keti. Sikiza."

Niliketi. Kiswahili cha namna ile nilikizoea, maana baba yangu alikuwa sajini na mimi nilizaliwa kambini, ambako watoto wa Waacholi, Wateso, Wakonzo na Waganda hatukuwa na lugha nyingine ya kugombania mpira. Ndiyo maana haya nayaandika kwa Kiswahili, kwa ajili ya vijana mliochukua viti vyetu katika ofisi za uwekezaji. Mjue kazi ilivyofanywa kabla kompyuta hazijaanza kuifanya zenyewe. Mjue pia kosa nililolifanya mimi Biira, ambalo hakuna mkaguzi aliyeliona.

Chama chetu kilikuwa cha akiba. Wanachama walikuwa walimu, wauguzi, polisi, askari na wafanyakazi wa hifadhi ya wanyama kule Mweya. Mtu akistaafu alipewa kiinua mgongo kwa mkupuo mmoja, na kazi yangu ilikuwa kumsaidia kuchagua pa kukiweka. Mifuko ilikuwa miwili. Wa kwanza tuliuita mfuko wa kipato. Huo ulinunua hatifungani, yaani mikopo ambayo serikali na makampuni makubwa huchukua kwa watu na kuilipia riba. Ulimlipa mstaafu kiasi kinono kila mwezi, lakini kiasi hicho hakikuongezeka, na mwaka mbaya ukija ulimega mtaji wenyewe ili malipo yasipungue. Wa pili ulikuwa mfuko wa gawio linalokua. Huo ulinunua hisa za makampuni yanayogawa faida kidogo leo, kesho kidogo zaidi, na ulilipa mara mbili tu kwa mwaka. Miaka ya mwanzo gawio lake lilikuwa la kuchekesha. Ukiungoja, mfuko huo ulikimbia sambamba na bei ya sukari, kisha ukaipita.

Penye mifuko miwili hapakosi methali mbili. Wenzangu waliopenda mfuko wa pili walisema haba na haba hujaza kibaba. Wazee waliopenda wa kwanza walijibu kwamba heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Mimi, mwalimu wa hesabu, nilidhani methali ni za watu wasiojua asilimia.

Fomu iliyotoka Kampala ilikuwa na swali moja gumu: mwanachama anatarajia kuishi miaka mingapi zaidi? Bila jibu hilo huwezi kushauri. Mwenye miaka mitano mbele yake hana haja ya hisa, na mwenye ishirini hatifungani zitamwacha na njaa. Siku ile ya kwanza nilimsomea muuguzi mmoja mstaafu swali hilo, tena kwa sauti ya darasani. Alisimama, akachukua mkoba wake, akatoka. Mkuu wa tawi akanifuata mezani.

"Wewe, usiulize mtu atakufa lini. Hiyo ni kumuita kifo. Uliza msimu huu atapanda nini."

"Afande, kupanda kunahusu nini na uwekezaji?"

"Akisema maharage, anataka ya miezi mitatu. Mpe kipato. Akisema kahawa, huyo anaona miaka. Mpe gawio. Jaza fomu, nenda kwa mwingine. Maswali imeisha."

Nilidhani ananitania. Lakini katika nchi hii hata ofisa wa polisi ana shamba mahali, na swali lile halikushindwa mara nyingi. Nilikaa Kasese miaka sita nikiuliza watu watapanda nini, na wakaguzi wakishangaa jinsi wanachama wetu walivyotulia katika mifuko yao.

Kisha Meneja wa Kanda akanihamishia Bwera, kufungua dawati mpakani, ambako chama kilianza kupokea akiba za wafanyabiashara pia. Huko mteja wangu wa kwanza alikuwa Mama Kavira, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, Congo. Alipanga chumba tu na hakuwa na shamba upande huu, kwa hiyo swali langu la kupanda lilimchekesha. Nikamweleza mfuko wa gawio kwa michoro. Alinisikiliza kwa adabu, mikono juu ya mapaja, hadi mwisho.

"Mama Biira, iko muzuri," akasema. "Lakini miye niko mutu ya kukimbia. Vita ikikuya, ile hisa yako nitaibeba ku kichwa? Unipe ile ya kila mwezi."

Nilimpa, na hadi leo nasema alichagua sawasawa. Kwa mtu asiyejua atalala wapi mwakani, kipato cha leo ndicho uwekezaji. Mume wangu, aliyekuwa fundi wa mashine katika hospitali pale Bwera, alikipenda kisa hicho akanirudishia kila niliponunua kitu kikubwa: utakibeba ku kichwa? Tulijenga nyumba yetu palepale, tukidhani tutazeekea humo wawili.

Miaka ikapita nikarudishwa Kasese, safari hii nikiwa Ofisa Mkuu wa Uwekezaji. Mkuu wa tawi wa zamani alikwisha kufariki. Dawati langu jipya lilikuwa karibu na dirisha, na nje ya dirisha kulikuwa na kibaraza chenye mabenchi mawili. Hapo ndipo nilipomjua Mzee Thembo.

Mzee Thembo alikuwa amefanya kazi Mweya maisha yake yote, kwenye geti la hifadhi. Aliinua kizuizi, akashusha kizuizi. Alijua kusalimia kwa lugha ambazo hakujua neno la pili katika hizo. Alipostaafu alirudi Bwesumbu, mlimani, katika nyumba ya mawe aliyomjengea mkewe. Mkewe alifariki kabla hawajaishi humo mwaka mmoja, na binti zao walikuwa wameolewa mbali. Pesa yake yote ilikuwa katika mfuko wa kipato, na malipo yake aliyapokea kwenye dirisha la malipo, noti mkononi, kila tarehe tano.

Kila tarehe tano alikuwa wa kwanza kufika. Shati limepigwa pasi, viatu vimefutwa matope ya mlimani kwa majani. Alilipwa saa tatu asubuhi, na saa nane mchana bado alikuwa benchini na wastaafu wenzake, wakila chapati za mama mmoja aliyekuja na beseni siku hiyo tu. Ukimuuliza mbona haendi, alisema anangoja mvua ipite. Mara nyingi mbingu haikuwa na wingu hata moja. Nilimwona kila mwezi kupitia dirisha la mezani kwangu, na nilichowaza, Mungu anisamehe, ni kwamba mzee huyu anakula mbegu zake.

Maana hesabu zilikuwa wazi. Kiasi alicholipwa hakikuwa kimepanda tangu astaafu, na kila kitu sokoni kilikuwa kimepanda. Tena mtaji wake ulikuwa umemegwa. Alikuwa na afya ya punda. Angeishi miaka ishirini, na ya mwisho angeishi kwa kuombaomba. Nilimwita mezani kila baada ya miezi michache.

"Mzee, msimu huu utapanda nini?"

"Maharage tu, binti. Maharage haichelewi."

Ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka, hadi asubuhi moja alipojibu tofauti.

"Msimu huu kahawa. Wameleta miche ya bure pale gombolola, kwa mkuu wa kata."

Ningesikia maneno "ya bure", labda ningenyamaza, maana cha bure mtu hukipanda bila kuhesabu miaka. Nilisikia "kahawa" tu. Nilitoa fomu ya kuhama mfuko kabla hajamaliza kusema, nikamchorea mistari miwili: mmoja umelala, mwingine unapanda. Akauweka mchoro kando.

"Na siku ya malipo?" akauliza.

"Siku ya malipo haipo tena, Mzee. Gawio litakufuata nyumbani kwenye simu, mara mbili kwa mwaka. Hutapanda boda, hutakaa kwenye foleni."

"Hata foleni?"

"Hata foleni."

Akageuka akatazama kibarazani, halafu akatia sahihi. Nilidhani ameshangazwa na maendeleo.

Miezi mitatu baadaye, tarehe tano, nilimwona tena benchini, shati limenyooka. Mlinzi alikuwa amemwambia jina lake halimo kwenye orodha ya siku hiyo. Nilimwita ndani. Aliniomba, kwa upole sana, nimrudishe katika mfuko wa kila mwezi. Nikachukua karatasi nikampigia hesabu ya hasara ambayo angepata kwa kuhama mapema, na ya faida iliyokuwa ikimngoja akivumilia. Nilipiga hesabu nzuri, na nilifurahi kuipiga. Alifuata kila mstari kwa kidole.

"Umefundisha vizuri, mwalimu," akasema. "Wasingya." Ndiyo asante ya Kikonzo. Akaondoka, na tarehe tano iliyofuata hakuja.

Mwaka ule ule akaja Mkurugenzi mpya kutoka Kampala, kijana mwenye haraka. Alisimama mlangoni siku ya malipo akasema, "Mama Biira, ofisi hii inafanana na kituo cha afya." Akaamua kila mwanachama, wa mfuko wowote, alipwe kwa simu. Dirisha likafungwa. Mabenchi yakapelekwa stoo. Mama wa chapati alikuja miezi miwili, akaacha. Mimi ndiye niliyeandika ripoti ya kusifu mabadiliko hayo, na niliandika kwa moyo mmoja. Wanachama wetu walikuwa hawapotezi nauli tena wala kutwa nzima.

Mume wangu aliugua mwaka uliofuata. Niliendelea na kazi mchana, hospitali jioni, hadi nilipomzika. Kazini walinipa siku zangu za msiba na kadi iliyosainiwa na wote, kisha kazi ikaendelea. Nilipofikia umri wa kustaafu waliniaga kwa keki na soda, na Mkurugenzi akasema nimehamisha wastaafu wengi kwenda mfuko wa gawio kuliko ofisa yeyote wa kanda. Watu walipiga makofi.

Kiinua mgongo changu nilikiweka wapi? Mnajua. Mganga alikunywa dawa yake mwenyewe, yote, bila kubakiza. Nikarudi Bwera katika ile nyumba.

Sasa niwaambie kustaafu kulivyo, maana katika semina hatukuwahi kuwaambia watu. Mji una kelele za kutosha. Bodaboda wanapiga honi tangu alfajiri, wabadilisha fedha wanaitana, malori ya kwenda Congo yananguruma barabarani. Na hakuna hata sauti moja inayokuita wewe. Mwanangu mmoja yuko Kampala, mwingine Qatar, nao ni watoto wazuri wenye mambo mengi. Siku moja niligundua ni Alhamisi na tangu Jumatatu sikuwa nimesema neno ila "weka hapo" kwa muuza maziwa. Niliogopa. Nikaanza kununua maziwa nusu lita mara mbili, asubuhi na jioni.

Kisha gawio langu la kwanza likaingia, na simu ikalia. Ujumbe ulisema: "Habari Biira. Gawio lako limeingia na limeongezeka. Unaendeleaje? Wako, Biira, ofisa wako."

Nilikaa kitako. Ujumbe ule niliutunga mimi mwenyewe wakati wa kuhamia malipo ya simu. Mkurugenzi alitaka maneno yenye uchangamfu, nami nikaongeza lile "Unaendeleaje?" na jina langu chini. Kompyuta ilikuwa ikiutuma kwa kila mtu tangu siku ile, na hakuna aliyekumbuka kulifuta jina langu nilipoondoka. Nilianza kucheka. Halafu nikajikuta nimekwisha kuandika "Si vizuri sana", na kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma. Hapo nikamkumbuka Mzee Thembo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na moyo ukaniuma hasa.

Kesho yake nilipanda gari hadi Kasese, kisha boda hadi Bwesumbu. Nyumba ya mawe nilionyeshwa na kila niliyemuuliza. Mzee alikuwa amekonda, fimbo mkononi, shati limepigwa pasi ingawa hapakuwa na mgeni aliyetarajiwa. Nyuma yake mibuni ilikuwa imejaa matunda mekundu. Alinitambua palepale.

"Binti! Wamekutuma?"

"Nimestaafu, Mzee. Nimekuja mwenyewe."

Akanitolea kiti, akaniandalia chai na hakukubali nimsaidie. Nilimuuliza habari za pesa, maana ndiyo lugha niliyoijua. Akanipa simu yake ya vibonye nisome mwenyewe. Magawio yote yalikuwapo, kila moja kubwa kuliko lililotangulia, na sasa yalikuwa yameupita mbali mfuko wa kila mwezi. Mchoro wangu ulikuwa kweli tupu. Karibu pesa yote hakuwa ameigusa.

Lakini chini ya kila ujumbe wetu kulikuwa na jibu lake. La kwanza lilisema: "Habari binti. Imefika. Niko mzima. Miche imeshika." La pili: "Niko sawa, mguu tu inauma. Wewe na bwana yako muko wazima?" Hilo alilituma mwaka ambao mume wangu alikuwa amelazwa, na sikumbuki mtu mwingine aliyeniuliza. La tatu: "Binti naomba tena kurudi mfuko ya kila mwezi. Huku ni kimya sana." La nne: "Kama haiwezekani si neno. Kahawa imechanua, ungeona." Mengine yalizidi kufupika. La mwisho lilikuwa neno moja: "Niko."

Majibu yale yalikuwa yakiingia katika kompyuta ambayo hakuna aliyepewa kazi ya kuifungua. Nilijua hilo, maana mgawanyo wa kazi niliupanga mimi.

"Mzee," nikasema, "naweza kwenda kwao kesho nikurudishe mfuko wa kila mwezi. Bado wananisikiliza."

"Dirisha iko?"

"Hapana. Wote wanalipwa kwa simu."

Akaniuliza habari za wenzake wa benchini, mmoja mmoja kwa jina. Wawili nilijua wamekufa. Wengine sikujua waliko, nami ndiye niliyekuwa ofisa wao. Akatikisa kichwa polepole.

"Basi wacha. Nitarudi kwa nani?"

Vijana, sijabadili msimamo wangu kuhusu mifuko. Mwenye miaka mbele yake, gawio linalokua litamtunza. Mwenye kukimbia, mpeni kipato cha mwezi. Pigeni hesabu zenu sawasawa, kwa sababu umaskini wa uzeeni si mchezo. Ila mtu akikataa hesabu sahihi mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, wekeni kalamu chini mumuulize anachokipata mahali mnapotaka kumtoa. Mimi nilikuwa na dirisha wazi mbele yangu miaka yote ile, na nilimtazama akikipata.

Nilimwambia Mzee Thembo ukweli, kwamba zile salamu zilikuwa za mashine na kwamba sikupata kusoma jibu lake hata moja. Nilitegemea hasira. Ningeifurahia.

"Najua, binti," akasema. "Muuguzi wa huku aliniambia siku nyingi. Alisema hakuna mtu ndani."

"Sasa mbona uliendelea kujibu?"

Alinitazama kama mtu anayetazama mwanafunzi mzito.

"Iliuliza," akasema. "Ukiulizwa uko namna gani, utanyamaza?"

Akanimiminia chai tena. Kisha akasogeza kiti chake hadi magoti yetu yakakaribiana, akaegemea fimbo, akaniuliza mimi niko namna gani. Nilifungua kinywa niseme niko salama, nikalia kabla neno halijatoka. Hakuniambia ninyamaze. Alingoja, na nilipopata sauti nilimwambia yote, kuanzia maziwa ya nusu lita.